Shahidi wa Neno Demokrasisha

Katika nyumba ile ya kamusi kulikuwa na dhambi moja tu isiyosamehewa, nayo ni kupika sentensi. Ukichelewa kazini utasemwa, yataisha. Ukimwaga chai juu ya karatasi za herufi M utalaaniwa mpaka jioni, kesho mtacheka. Lakini ukikaa kitini mwako ukatunga kichwani mfano wa matumizi ya neno, halafu ukauandika kana kwamba kuna binadamu aliyewahi kuusema, basi wewe ni mwizi, mhuni, na hufai kukaa na watu wazima. Sheria ya Mhariri Mkuu ilikuwa hiyo: kila neno liwe na shahidi. Shahidi ni mtu halisi, mwenye kazi yake na kinywa chake, aliyelitumia neno bila kujua kwamba pembeni kuna mtu wa kamusi amelitega sikio. Chini ya mfano huandikwa kazi ya aliyesema: muuguzi, mkulima, dereva wa lori. Jina haliandikwi. Na kabla hujaandika chochote, unamwendea mwenyewe unamwomba ruhusa.

Huyu tunayemzungumzia alikuwa mhariri wa herufi D. Mafundi wa chama cha baba yake walimbatiza Bi Kamusi, kwa utani, na utani ukamganda mpaka mwenye duka la karibu naye akawa anamwita hivyo. Mwanamke wa makamo, mpole wa kuonekana, lakini kwenye kazi yake hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa amekwisha kumfukuza mwanagenzi mmoja kwa sentensi ya kupika kuhusu dagaa. Nalisema hili mapema ili ukija kumwona alivyofanya, usije ukasema maskini, hakujua.

Sasa herufi D ilikuwa imefika kwenye neno moja lililomkosesha raha: demokrasisha. Maana yake aliipata bila taabu, kukifanya chama, nchi au taasisi iendeshwe kwa sauti ya watu wake. Asili yake nayo haikumsumbua. Kitenzi kimetoka kwenye demokrasia, na demokrasia imetoka mbali, kwa Wayunani wa kale, demos ni watu, kratos ni nguvu, yaani watu washike nguvu mkononi mwao. Aliposoma zaidi akakuta hao Wayunani wenyewe walipokuwa wakisema watu, hawakuwahesabu wanawake wala watumwa. Alicheka peke yake pale mezani. Akamwambia mwenzake wa herufi F kwamba neno hili limezaliwa na kilema na bado tunaliazima kwenda nalo harusini.

Kilichomshinda ni shahidi. Alikuwa na rundo la mifano, lakini yote ilitoka kwenye ripoti. Mradi unalenga kudemokrasisha taasisi. Wafadhili wameahidi kudemokrasisha eneo hilo. Na katika ripoti zote, jambo hili Bi Kamusi aliliona akalipigia mstari, ni mtu fulani anayekwenda kumdemokrasisha mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyesema amejianzia nyumbani.

Mhariri Mkuu aliipitia mifano ile akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

“Hii si lugha, bibie. Haya ni maneno ya makaratasi, hayana jasho. Niletee mtu aliyelisema neno hili akiwa amekasirika. Au anacheka. Au anagombana na mkewe. Pasipo hivyo, neno halitoki kwenye chumba hiki.”

Basi. Kamusi nzima ikawa inamsubiri yeye.

Jumamosi ile alikwenda kumwona baba yake kama kawaida. Mzee alikuwa fundi cherehani wa suti, mjane, mwenye karakana mbele na chumba cha kulala nyuma, na zaidi ya hayo yote alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha mafundi cherehani. Alikuwa mwenyekiti tangu binti yake anavaa sare ya sekondari. Na usidhani alipindua mtu! Kila mwaka kwenye mkutano mkuu alisimama, akasoma hesabu za vitambaa walivyonunua kwa pamoja, akafunga faili, akauliza, “Jamani, mnaridhika?” Watu wakapiga makofi. Makofi yakiisha, yeye ni mwenyekiti tena. Ndivyo walivyochaguana pale, kwa makofi, na asiyepiga makofi alionekana ana kinyongo na jirani yake.

Siku hiyo mzee alikuwa amerudi kutoka semina. Mkoba wa semina ulikuwa umetupwa juu ya meza ya kukatia, na yeye ameinamia cherehani akishindilia pindo la suruali kwa hasira, pini zimejaa mdomoni.

“Semina ilikuwaje, baba?”

“Tumekula, tumelala kidogo, tumepewa kalamu.” Alizitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa mkononi. “Halafu akasimama kijana mmoja amevaa koti, bega moja limepanda moja limeshuka, aliyemshonea, Mungu anamwona. Kazi yake kutufundisha tukidemokrasishe chama. Eti visanduku vya kura. Eti wagombea. Mimi!”

“Ukamwambiaje?”

“Sikumwambia kitu, nilikuwa nakula.” Mzee akaangua kicheko, na hasira ikamtoka yote. “Lakini wewe nakwambia. Hawa wakitaka kukidemokrasisha chama, nitawaacha wapige kura mpaka wachoke, halafu nitafanya nililokwisha kuamua.”

Bi Kamusi alicheka mpaka akajishika mbavu. Alicheka kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Kisha mzee alipoinama kutafuta mkasi, mkono wa binti ukaingia mkobani, ukatoa kadi tupu ya kuandikia mifano, ukaandika neno kwa neno. Wahariri wa kamusi wana ugonjwa huo, hata msibani wanaandika. Mzee hakuona.

Jumatatu Mhariri Mkuu aliisoma ile kadi akasimama. Akaisoma tena kwa sauti, chumba kizima kikacheka, mpaka yule wa herufi Z ambaye hacheki.

“Hii ndiyo! Huyu ni mtu! Nani huyu?”

“Fundi cherehani. Mwenyekiti wa chama cha ushirika.”

“Umemwomba ruhusa?”

“Nimemwomba,” alisema Bi Kamusi, bila hata kupepesa macho.

Uongo mdogo, akajiambia, kesho nitamwomba. Kesho ikapita na keshokutwa ikapita. Angekwenda kumwomba, mzee angekataa, na sentensi yenyewe ilikwisha kusifiwa. Na kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, ambalo hakupenda kulitazama. Kwa miaka mingi alitamani mtu amwambie baba yake kwamba chama si suruali aliyoishona mwenyewe akaiweka kabatini. Yeye hakuthubutu kumwambia. Sasa kitabu kitamwambia, na yeye atakuwa hayupo. Mtu mzima, na elimu yake, akajificha nyuma ya kitabu! Najua wapo watakaomtetea. Mimi simo.

Kamusi ikachapwa. Ikatoka nzito, nzuri, ina harufu ya gundi. Bi Kamusi akapewa nakala yake akaitia kabatini, akamwomba Mungu baba yake asiwe na haja ya kutafuta neno lolote linaloanza na D.

Na huenda ingepita hivyo hivyo, kama si ulimi wake mwenyewe. Jumamosi moja alimkuta mzee amekaa bila kufanya kazi, mikono mapajani. Alikuwa amekata kitambaa cha mteja vibaya, sufu ya bei mbaya, mikono ya koti akaikata yote miwili ya kulia. Jambo ambalo halijamtokea tangu ujana. Alikuwa ananyoosha vidole vyake anavitazama kama vidole vya mtu mwingine.

“Nimekwisha, mwanangu,” alisema. “Nitakuwa mzee wa kushonea watu viraka.”

Binti akatafuta kitu cha kumpa, chochote, na kilichokuwa karibu ni kile.

“Baba, wewe umo kwenye kamusi.”

“Nimo wapi?”

“Kwenye kamusi yetu. Maneno yako yametumika kama mfano. Yamechapwa.”

Ungemwona mzee yule! Aliinuka, akakaa, akainuka tena. “Mimi? Fundi cherehani? Kwenye kitabu kile cha wasomi?” Akatoka nje kumwambia jirani muuza spea za baiskeli. Akarudi. Akamkatalia binti yake alipotaka kusema zaidi. “Wee, usiniambie! Ni sentensi gani usiniambie kabisa. Mkutano mkuu umekaribia. Utakuja na kitabu, utasimama mbele ya wenzangu wote, utasoma. Nataka niisikie pamoja nao, kwa mara ya kwanza.”

“Baba, lakini ile uliisema kwa utani...”

“Basi itawachekesha. Vizuri zaidi.”

Hapo ndipo pa kusema. Hapo hapo, milango imefungwa, wako wawili tu, angemwambia baba yangu, nimekukosea, sentensi yenyewe ni hii. Mzee angefoka, angenuna wiki nzima, ingekwisha. Bi Kamusi alifungua mdomo akaomba maji ya kunywa.

Zilizofuata ni siku mbaya. Mzee alikuwa anajishonea suti. Mafundi hawana desturi ya kujishonea, wao huvaa vya zamani, lakini huyu alijishonea suti ya kijivu, akakata taratibu, akapima mara tatu tatu, na mikono ikamtii. Kila Jumamosi binti alipokuja alimkuta anashona kwa furaha, naye akameza aliyokuja kuyasema. Kazini akawa hali chakula vizuri. Mwanagenzi mpya alipomwonyesha mfano akauliza kama shahidi huyu anatosha, Bi Kamusi alimjibu kwa ukali ambao kijana wa watu hakustahili.

Siku ya mkutano ukumbi wa chama ulijaa. Vyerehani vilikuwa vimesukumwa ukutani, vimefunikwa kwa mashuka, viti vimepangwa mpaka mlangoni. Mlangoni alimkuta Fundi wa Sare, mama mnene mwenye sauti ya kengele, anayeshonea shule karibu zote za mtaani. Mama huyu ndiye aliyekuwa akidai sanduku la kura kila mwaka, na kila mwaka makofi yalimfunika katikati ya sentensi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kitabu.” Alimshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. “Soma vizuri, eh?”

Bi Kamusi akaitikia, akapita, kamusi ameikumbatia kifuani.

Mzee alisoma hesabu za vitambaa haraka haraka mpaka watu wakatazamana. Kisha akanyoosha koti lake la kijivu.

“Jamani, kabla sijawauliza lile swali langu la kila mwaka, kuna jambo. Mnamjua binti yangu. Nilipokuwa namsomesha, wapo waliosema fundi cherehani ana haja gani ya kusomesha mtoto wa kike mpaka huko. Leo binti huyu ameyachukua maneno ya fundi cherehani ameyaweka kwenye kamusi, watoto wa watoto wenu watayasoma. Sijui ni maneno gani! Nimejizuia. Nitayasikia pamoja nanyi. Haya, mama, simama usome.”

Binti akasimama. Ukumbi ukatulia, ule utulivu wa watu wanaojua jambo, ingawa yeye hakuupambanua wakati ule. Akaufungua ukurasa. Akasoma neno. Akasoma maana, watu washike sauti katika chama chao. Akasoma asili, akaeleza kidogo habari za Wayunani, sauti yake ikawa ya darasani, nzuri, imara. Kisha akafika kwenye mfano. Akainua macho akamwona baba yake amesogea mbele kwenye kiti, mdomo umefunguka kidogo, anasubiri.

“Fundi cherehani,” alisema Bi Kamusi, na macho yake yakarudi kitabuni yakapita juu ya maandishi bila kuyasoma. “Kukidemokrasisha chama ni kumpa kila fundi nafasi ya kusema, hata yule aliyejiunga jana.”

Aliipika pale pale, amesimama, motomoto. Yeye aliyemfukuza mtu kwa sentensi ya dagaa.

Makofi yalipigwa. Hayakuwa makubwa, yalikuwa makofi ya adabu, ya watu wanaotazama magoti yao. Mzee peke yake alipiga kwa nguvu, kisha mikono yake ikapungua mwendo, ikasimama. Alikuwa anakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoiacha miwani.

“Mimi nilisema hivyo?” aliuliza polepole.

Fundi wa Sare akainuka nyuma.

“Mwenyekiti, samahani. Naomba kitabu hicho kipite, nasi tukione kwa macho yetu.”

“Hapana!” alisema Bi Kamusi. Ilimtoka kali, kubwa kuliko alivyotaka, akajaribu kuilainisha. “Yaani, ni nakala ya ofisi, mama. Haishikwishikwi.”

Na alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Ndiyo kwanza amemaliza kuwaeleza maana ya watu kushika sauti yao, na kitabu anawanyima. Aliliona hilo mwenyewe, na mikono bado haikuachia.

Mzee alimtazama. Mtoto umemlea mwenyewe, baada ya mama yake kufariki ukamsuka nywele kwa vidole vya cherehani, unajua anavyosimama akidanganya.

“Lete,” alisema.

“Baba, tafadhali.”

“Lete kitabu, mwanangu.”

Akakipokea. Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye ukurasa kama anavyofuata mshono, midomo ikicheza bila sauti, na kidole kikasimama. Bi Kamusi aliitazama shingo ya baba yake ndani ya kola ile mpya akatamani sakafu ipasuke.

Kisha mzee akasoma kwa sauti, bila kuruka hata nukta.

“Hawa wakitaka kukidemokrasisha chama, nitawaacha wapige kura mpaka wachoke, halafu nitafanya nililokwisha kuamua. Fundi cherehani. Mwenyekiti wa chama cha ushirika.” Akavua miwani. “Huyo ni mimi. Nilisema. Nilikuwa nacheka, lakini nilisema.”

Hakuna aliyecheka. Sentensi iliyochekesha nyumba nzima ya kamusi, mle ukumbini haikumchekesha mtu.

“Binti yangu msimlaumu,” mzee akaendelea. “Maandishi haya ni madogo mno, na anashinda kutwa anayatazama. Macho yamemchoka, karuka mstari, kasoma wa neno la jirani. Inatokea. Hata mimi juzi nimekata sufu vibaya.”

Huo ulikuwa uongo, wa wazi kabisa, kutoka kwa mtu ambaye sekunde chache nyuma amejivua nguo mbele ya wenzake. Alimpa binti yake ajifunike. Na Bi Kamusi akajifunika. Angeweza kusema hapana baba, sikuruka mstari. Aliinamisha kichwa, akapikicha jicho kidogo, kana kwamba kweli linamuuma. Alikuja kulikumbuka lile jicho kuliko yote mengine.

“Sasa,” alisema mzee, “swali langu la kila mwaka siliulizi. Leteni kikapu.”

Wakapiga kura kwa vitambaa vya mabaki, maana hakuna aliyejiandaa kwa karatasi, na mabaki ya vitambaa ukumbini hayakosekani. Cheupe kwa mzee, cha sare ya buluu kwa Fundi wa Sare. Kila mtu alipita na ngumi yake imefumbwa. Kikapu kilipomwagwa mezani hakukuwa na haja ya kuhesabu, meza ilikuwa ya buluu. Mzee aliukabidhi ufunguo wa ghala kwa mkono wa kulia, akampongeza Fundi wa Sare kwa sauti, akavuka ukumbi katikati ya viti na suti yake mpya. Watu walimpisha, wengine wakamshika mkono, na yeye akawa anasema asante, asante, jamani, asanteni.

Binti alimfuata nje. Walitembea hatua chache, mpaka kwenye kona ya duka la rangi.

“Baba, nisamehe. Niliyachukua maneno yako bila ruhusa. Kazini nikasema nimeomba. Nimekuvua cheo mbele za watu.”

“Cheo nimejivua mwenyewe,” alisema mzee. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Maneno yale ni yangu. Kama yananuka, kinywa ni changu. Nikukasirikie kwa kuandika nilichosema? Nitakukasirikia kwa kutoniomba, lakini hilo litapita. Mimi nakuuliza hii nyingine. Ile uliyosoma. Ni ya nani?”

Binti akautazama ubao wa duka la rangi.

“Nani aliisema?”

“Hakuna, baba. Nimeipika.”

“Ukanipachikia mimi.”

“Nilitaka kukulinda. Ulikuwa umefurahi sana. Niliona hutaweza...”

“Sitaweza nini? Kusikia maneno yangu?” Mzee alisimama. Aligeuka kuutazama mlango wa ukumbi kwa mbali. “Na mimi wale nilikuwa naona hawataweza. Miaka yote ile. Nikajiambia wakipewa kura watagombana, watakula vitambaa, acha niwaamulie, ni kwa faida yao. Na wewe umekaa ukaniamulia. Sasa najua inavyouma. Inauma, mwanangu.”

Bi Kamusi alilia pale barabarani, mtu mzima na mkoba wake, wapita njia wakawa wanakwepa.

“Pale mbele nimekufunika,” mzee alisema, “kwa sababu wewe ni mtoto wangu na nisingeweza kukutazama vile. Lakini nimewadanganya watu ambao nimetoka kuwaambia ukweli. Sitaki kwenda kulala na uongo huo. Rudi ukawaambie.”

“Leo, baba?”

“Bado wanapanga viti.”

Akamwacha. Alikwenda zake polepole, mkono mmoja nyuma, na wala hakugeuka kuona kama binti anarudi.

Alirudi. Njiani alitunga namna nne za kulisema jambo lile ili lisiume, akazitupa zote. Ukumbini walikuwa wamebaki mafundi wachache, wanakunja viti na kuvirundika, vyerehani vinavutwa kurudishwa mahali pake. Fundi wa Sare alikuwa na ufunguo wa ghala shingoni kwa utepe wa kupimia, anaelekeza.

“Umesahau kitu, mwanangu?”

“Hapana, mama.” Akavuta pumzi. Mafundi wakaacha kazi. “Sikuruka mstari. Macho yangu ni mazima. Niliiona sentensi ya baba nikaikwepa, nikatunga nyingine papo hapo nikawasomea. Niliwadanganya nyote. Na aliponitetea nikanyamaza.”

Hakuna aliyeshtuka. Alitazama nyuso zile moja moja, akingoja mtu ashtuke, apige kelele, amtukane basi. Fundi mmoja kijana akatazama chini. Mwingine akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Fundi wa Sare akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akaiwasha, akamgeuzia. Ilikuwa picha ya ukurasa. Herufi D.

“Niliipiga shuleni, nilipopeleka sare. Kitabu chenu kiko kwenye meza ya mwalimu mkuu. Nikawatumia wenzangu. Wiki ya tatu hii, mwanangu. Kila mtu aliyeingia humu leo alikuwa nayo kwenye simu.”

“Kila mtu?”

“Isipokuwa baba yako. Tulikatazana. Vijana walitaka kumsomea wamcheke, nikawaambia hapana, mwacheni, ana binti. Asikie kwa mtoto wake.” Alizima simu akairudisha mfukoni. “Ndiyo maana ulipomaliza kusoma nikasimama kukuomba kitabu. Si kwa ajili yetu. Nilifikiri labda umeogopa kidogo tu, nikupe nafasi uirudie.”

Yale makofi ya adabu yalimrudia Bi Kamusi masikioni, mikono ya watu waliokuwa wanajua, wanampigia makofi ili asiaibike. Aliona haya mpaka akashindwa kujua auweke wapi uso wake.

Fundi wa Sare alimtazama kidogo, kisha akachukua viti viwili vilivyokunjwa, akamsukumia kifuani.

“Shika hivi,” alisema. “Vinakwenda kule nyuma.”

Akavishika, akavipeleka.